Gari Lililofiwa

Harufu ya mpira mpya hunichosha. Nikipita karibu na duka la tairi hapa Kindu ninapoishi sasa, pale zinapopangwa nje moja juu ya nyingine zikiwa bado na vile vinyweleo vya kiwandani, miguu inakuwa mizito ghafla na ninatamani kukaa chini. Watoto wangu hunivuta mkono twende. Wao wanaona tairi tu. Mimi naona barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare wakati wa mvua, na Baba yangu ameingia kwenye tope mpaka magotini, ameshika fimbo, anapima kitu ambacho mimi mtoto nilidhani nakielewa.

Ninyi tuliokua pamoja kule mnaijua barabara hiyo, sitawachosha nayo. Baba alikuwa na gari moja, jeep kuukuu yenye mabenchi ya mbao nyuma. Ilipakia watu na vitu vyao: mchele, mafuta ya mawese, samaki wakavu kutoka Nyangwe, mbuzi aliyefungwa miguu akiwalalamikia abiria wote. Alikuwa Mwislamu wa Kasongo mjini, mtoto wa wafanyabiashara, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya kushika kriki kuinua gari. Mama alikuwa Mkristo kutoka Lusangi, upande wa Kabambare, mtoto wa wakulima, msichana pekee kati ya ndugu zake. Walipendana kwa namna ya watu wanaotaniana toka asubuhi. Mimi nilikuwa wa mwisho kuzaliwa. Kaka yangu mkubwa, Saidi, alikuwa amekwisha kwenda kusoma mbali, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu, na gari la nne.

Kiangazi kimoja Baba alitekwa na tairi pana. Aliziona kwenye gari la tajiri mmoja aliyekuja kutoka Bukavu, na tangu siku hiyo hakulala vizuri mpaka alipopata za kwake. Zilikuwa fupi, nene, na katikati zilikuwa na janti za kung'aa, vile vyuma vya gurudumu, kiasi kwamba niliweza kuona meno yangu ndani yake. Kila asubuhi nilizifuta kwa kitambaa na nikabaki na harufu ya mpira kwenye vidole mpaka wakati wa kula. Watu walitoka madukani kutazama. Harusi zote za mtaani zilianza kumwita Baba abebe maharusi. Akawa anaendesha polepole kupita sokoni, mkono mmoja nje ya dirisha, kama mtu ambaye hana haraka ya kufika popote.

Mama alilizunguka gari mara moja, akasimama, akaweka wayo wake mwembamba kando ya tairi.

"Baba Saidi, hizi ni za kupita wapi?"

"Za kupita kila fasi."

"Kwetu potopoto, ile tope ya mvua, iko na chini yake, iko nguvu kule chini. Kitu kipana hakifike kule. Kinabakia juu, kinateleza. Utaona."

"Kwenu, kwenu!" Baba akacheka. "Kwenu tutafika na honi mpaka mbuzi zikimbie."

Mama alicheka pia. Nataka mlijue hilo. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na jambo likaishia hapo.

Kisha mvua zikaja. Asubuhi moja Mama alikuwa uani anachagua mchele, simu ikalia. Alikuwa Mjomba Kalonda, ndugu yake wa Lusangi, ambaye alilazimika kupanda mlimani ili apate mtandao. Nilisikia upepo ndani ya simu kabla ya kusikia sauti yake. Mama alisikiliza, akailaza simu juu ya mchele kama mtu anayelaza yai. Koko, mama yake mzazi, alikuwa amekufa.

Upande wa Mama, mama akifa, binti yake ndiye anayemwosha. Wanawake wengine humwaga maji na kushika nguo, lakini mkono unaopita mwilini ni wa binti. Hakuna aliyenifundisha hilo darasani, nililijua tu, kama nilivyojua njia ya kisimani. Na Koko alikuwa na binti mmoja. Lusangi hakukuwa na mahali pa kuhifadhi maiti. Mjomba alisema watangoja mpaka kesho yake jua likiwa juu, na baada ya hapo hakuna namna.

Baba hakupakia mtu. Tuliondoka wakati huohuo, sisi watatu, mchele ukabaki uani. Mwanzo wa safari ulikuwa mzuri, kokoto na ardhi nyekundu iliyoshikana, na Baba alikuwa akimwambia Mama maneno ya kumtuliza. "Tutafika. Nakuambia tutafika." Mama alikuwa ametazama mbele, mikono imefungwa kifuani, kama vile anasaidia gari kwa macho.

Kuna bonde kabla ya Lusangi ambalo madereva wote wanalijua. Kamio, yale malori makubwa, zilikuwa zimepita pale mvua yote na kuchimba mifereji miwili, mirefu, yenye tope jeusi, na katikati tuta la udongo. Tairi za kamio zilikuwa zimejitengenezea njia yake huko chini. Zetu zilikuwa pana mno kuingia humo. Moja ilipanda tuta, nyingine ikapanda ukingo, gari likawa linaelea juu ya tope kama sahani juu ya uji, kisha likateleza kiupande, taratibu kabisa, likalaza tumbo lake juu ya tuta. Magurudumu yakabaki yanazunguka hewani, safi, yanang'aa.

Baba alichimba. Alikata matawi akayaweka chini, akachimba tena. Kila alipowasha, tairi zilisugua matawi zikayatupa nyuma na gari halikusogea. Jioni ilitukuta hapo, tukalala ndani ya gari tukiwa tumeinama upande mmoja. Kulipokucha Mama alivua viatu, akakunja kitenge mpaka juu ya magoti, akashuka.

"Miye nakwenda," alisema.

"Iko mbali, Mama Saidi. Ngoja watu wakuje na majembe."

"Mama yangu hawezi kungoja watu wa majembe."

Nilimwona akiingia kwenye mfereji wa kamio, akazama mpaka magotini, akapata chini, akatembea. Hakuteleza hata kidogo. Baba alimtazama mpaka akapotea kwenye michikichi, kisha akarudi kuchimba kwa mikono kwa sababu koleo lilikuwa limevunjika mpini. Alichimba huku analia, na mimi nilijifanya nimelala.

Wanakijiji walituvuta jua likiwa limesimama utosini. Tulipofika Lusangi, watu walikuwa wameketi uani kimya, majembe yenye udongo mbichi yameegemezwa ukutani. Mama alifika muda mfupi kabla yetu. Alikutana nao njiani wakirudi kutoka kaburini. Alikuwa ameketi chini peke yake, miguu imemnyooka mbele, tope limemkaukia mpaka mapajani, na mama mmoja jirani alikuwa akimwambia polepole, "Tulimuosha muzuri, ee mama. Muzuri sana. Usiumie roho." Mama alikuwa anatazama viganja vyake. Baba alisimama mbele yake, kanzu imekuwa rangi ya udongo. Mama hakuinua macho kumtazama. Aligeuza uso akatazama magurudumu, akayatazama kwa muda, kisha akarudi kwenye viganja vyake.

Tulikaa siku za mwanzo za matanga. Wanawake walimnyoa Mama nywele, wakamvua hereni, wakamvalisha kitambaa cheusi. Alipokonda nilidhani hiyo nayo ni sehemu ya desturi, kwamba kuna mtu anayempunguza. Baba alipomwambia kwamba shule inaningoja, alijibu bila hasira, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Nenda na mutoto. Miye nabakia."

"Mpaka siku gani?"

"Sijue, Baba Saidi. Usiniulize."

Wakati wa kurudi, Baba alisimamisha gari kabla ya lile bonde. Alikata fimbo ndefu, akaimenya gome, akaingia tope. Aliisukuma chini mpaka ikagonga mahali pagumu, akaitoa, akatia alama kwa kisu pale tope lilipofika. Akaenda mbele, akapima tena. Halafu akainama akapima upana wa mfereji wa kamio kwa kiganja. Mimi nilijua kaburi hupimwa kwa fimbo, kwa hiyo nilinyamaza kwa heshima. Nilidhani anamchimbia Koko kaburi jingine, lililo karibu zaidi, ambalo Mama angeweza kuliwahi. Baadaye watu wa kijiji walikuja kutusukuma na tukapita.

Kasongo, mtu wa kwanza aliyemwendea ni rafiki yake Ramazani, mwenye kwado karibu na soko, pale wanapoziba mipira ya pikipiki na magari. Tulikaa pale kutwa nzima. Baba alikuwa na fimbo yake. Kila tairi iliyotolewa aliisimamisha, akaiwekea fimbo ubavuni, akaangalia kama katikati ya gurudumu inasimama juu ya alama ya kisu.

"Ekseli inapashwa kubakia juu ya potopoto," alimwambia Ramazani. "Ikigusa tu, nimekufa."

Ramazani alimletea moja ndefu lakini pana. Baba akaweka kiganja juu yake, akatikisa kichwa. "Ndefu, lakini nyembamba. Ikate, iende chini kule kwenye nguvu. Iingie kwa njia ya kamio."

"Ndugu yangu, utaonekana umefunga pine za velo, baisikeli kabisa! Nani wa harusi atakuita?"

"Wasiniite."

Ramazani aliacha kucheka aliposikia sauti hiyo. Walizipata nyuma ya kibanda, tairi za gari fulani la zamani ambalo lilishakufa, zikiwa kwenye janti zake za chuma tupu, nyeusi, zisizo na pambo lolote. Baba alizibinya mbavuni kwa kidole gumba kutafuta nyufa. Aliingiza vidole kati ya meno ya mpira akasema yako mbalimbali, tope litadondoka. Alizisimamisha zote pamoja ukutani kuona kama zina urefu mmoja. Kisha wakakata kwa msumeno ukingo wa bati juu ya magurudumu, maana bila hivyo zisingeingia.

"Na hizi zako za kung'aa?" aliuliza Ramazani.

"Ziuze. Zipeleke. Nisizione."

Nilitembea nyuma ya gari kurudi nyumbani na nilipolitazama nilielewa kila kitu. Pambo limevuliwa. Limekonda. Limesimama juu ya miguu mirefu, nyeusi, kama Mama alipoinuka kutoka mkekani akiwa amenyolewa. Gari letu lilikuwa limefiwa. Baba alikuwa ameliweka matanga.

Nilifurahi kwa kuelewa jambo la watu wakubwa bila kuambiwa. Niliwatangazia watoto wa jirani kwamba gari letu liko matanga na ni mwiko kuchezea honi, kupanda juu yake au kuimba ndani. Walikubali mara moja, hakuna aliyebisha, kwani wao pia walikuwa wameona watu wakivuliwa hereni. Mmoja aliuliza litatoka lini, nikamwambia siku ya kumaliza matanga, siku ileile ya Mama, na kwamba siku hiyo litaoshwa na kurudishiwa magurudumu yake ya kung'aa. Nilichana kipande cha kitenge cheusi cha Mama kilichozeeka, nikakifunga kwenye kioo cha pembeni.

Baba alikiona asubuhi. "Nani amefunga kitu hiki?"

"Miye, Baba. Gari nayo imefiwa."

Nilingoja kufokewa. Alisimama akiwa ameshika ufunguo, akakitazama kitambaa. Kisha alikaza fundo, maana nilikuwa nimefunga vibaya. Tangu siku hiyo sikumsikia akipiga honi.

Miezi ile ilikuwa ya uchovu, sina neno jingine. Shangazi alituletea chakula na Baba alikila akiwa amesimama. Alirudi kutoka safari za karibu, akanawa, akasali, akakaa barazani bila kuwasha redio. Harusi hazikumwita. Kutoka kwa Mama, watu wa pikipiki waliniletea karanga zilizofungwa kwenye jani na maneno ya kwangu peke yangu: niwe na adabu, nioge, nisitembee pekupeku. Kwake Baba hawakuleta neno. Alikuwa akiniomba nirudie salamu zile kutoka mwanzo, labda nimesahau kitu katikati. Sikuwa nimesahau. Mimi nilimwonea huruma lakini sikuwa na wasiwasi, maana nilijua matanga huisha. Yeye hakujua kama Mama atarudi, na mimi sikujua kwamba hajui.

Habari ikaja kwamba Mjomba anapanga siku ya kumaliza matanga. Tulikwenda, tope likiwa bado kubwa. Pale bondeni Baba alishika usukani kwa mikono yote miwili, akaelekeza magurudumu moja kwa moja ndani ya mifereji ya kamio. Gari likazama. Nilifumba macho, nilihisi linashuka, linashuka, nikajua sasa tunamfuata Koko. Halafu likagonga chini, mahali pagumu, likatulia, likaanza kutembea. Lilitembea polepole, bila kelele, tope likipasuka pande zote mbili, na kabla sijamaliza kuomba tulikuwa ng'ambo.

Nilipiga makofi. Baba hakufurahi. Alizima gari, akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Leo nami ni mtu mzima na namwelewa. Kupita kirahisi mahali ulipokwama siku ya haja kunauma kuliko kukwama kwenyewe.

Lusangi watu walikula, walisali, na wanawake wakamvua Mama kitambaa cheusi. Nywele zilikuwa zimeanza kuota. Nilimvuta mkono mpaka kwenye gari kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa analishughulikia. Alilizunguka. Aliyatazama magurudumu marefu, akaweka wayo wake kando yake kama alivyofanya zamani, na mara hii tairi na wayo havikupishana sana kwa upana. Kisha akaona kitambaa.

"Nani alifunga?"

"Miye. Lakini ni Baba alikaza. Mama, kitoe sasa, matanga imeisha."

Mama aliziba mdomo kwa mkono. Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua. "Ya gari bado," alisema mwishowe. "Kiache kwanza." Kitambaa kilibaki pale mpaka vumbi na jua vilipokichana vyenyewe. Magurudumu ya kung'aa hayakurudi kamwe, na sikumbuki siku niliyoacha kuyangoja.

Jioni, Baba aliketi mbele ya Mjomba Kalonda, kama inavyompasa mwanamume aliyekuja kumwomba mke wake kwa ndugu zake. Mama aliitwa, akaketi kando. Mimi nilikuwa nyuma ya mgongo wake na hakuna aliyenifukuza.

"Uliniambia, sikusikia," Baba alimwambia Mama, si Mjomba. "Nilipendaga kutazamwa. Nikakukosesha kumuosha mama yako."

"Hauwezi kunirudishia ile," Mama alisema.

"Siwezi."

"Basi tusiongee sawa na kama unaweza."

Mjomba aliuliza kama ana neno jingine. Mama aliongeza kuni motoni. Alisema amechoka, akaenda kulala, na Baba hakupewa jibu.

Asubuhi Baba alipakia abiria waliokuwa wakienda Kasongo sokoni, magunia yao, kuku wao. Alikuwa amekwisha kuwasha gari Mama alipotoka na kifurushi chake, akaketi mbele, akanipakata. Hawakusalimiana. Tulifika bondeni.

"Simamisha," alisema Mama.

Alivua viatu, akakunja kitenge, akashuka na kuingia mfereji uleule. Mfanyabiashara mmoja alimpigia kelele kutoka nyuma, "Mama, gari inapita! Panda, utajichafua bure!" Mama hakugeuka. Baba aliwaambia abiria wanyamaze. Aliendesha nyuma yake, polepole, kwa mwendo wa mguu wake, gari likipita vizuri kabisa mahali ambapo yeye alikuwa akizama na kujinasua, kuzama na kujinasua, mpaka ng'ambo.

Huko Mama alikaa juu ya jiwe, anahema. Baba alichukua dumu la maji aliloweka kwa ajili ya rejeta. Alipiga magoti mbele yake barabarani, kwenye kanzu yake, watu wote wakitazama, akaushika mguu wake wa kuume na kuanza kuuosha. Aliosha goti, akashuka mpaka kisigino, akapitisha kidole kati ya vidole vyake kimoja kimoja. Mama alitazama mikono ya Baba ikifanya kazi, muda wote huo, uso wake umechoka kabisa. Mguu ulipotakata, Baba hakujua afanye nini na maji yaliyobaki. Mama aliweka kiganja begani mwake asianguke, akampa mguu wa pili.